Jinsi ya kumpeleka ndugu yako kwenye kikundi cha kuacha pombe, mkiwa Dodoma

Mdogo wangu ana miezi saba hajagusa pombe. Wiki iliyopita mama mmoja wa Nkuhungu alinisimamisha sokoni Majengo akaniuliza tulianzia wapi, maana na yeye ana kijana. Niliyomweleza tukiwa tumesimama pale ndiyo haya.

Hatua ya 1: Hospitali kwanza

Kama anakunywa kila siku, na asubuhi mikono inamtetemeka mpaka azimue, usimfungie ndani eti aache leo hii. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla unaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Watu wanakufa kwa hilo. Madaktari wana dawa za kumvusha salama, pamoja na vitamini B1. Sisi tulikwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Dodoma. Na kituo cha Itega, kilicho chini yake, kinahudumia waraibu. Najua jina Mirembe linavyotajwa mitaani. Mama yetu alilia akidhani mwanawe atahesabiwa kichaa, mpaka muuguzi alipoketi naye kwenye benchi akamwambia, "Mama, hapa wanakuja walimu, wanakuja madereva. Mwanao anaumwa kama wao."

Na tafadhali, usimtilie dawa kwenye chakula kwa siri. Zipo zinazomwangusha mtu vibaya akinywa pombe juu yake, na asiyejua amemeza nini hawezi kujilinda.

Hatua ya 2: Jua unachotafuta

Sisi tulichagua AA (Alcoholics Anonymous), vikundi vya walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe. Ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, kwa walevi wawili waliokuwa wakisaidiana wasinywe. Hakuna ada ya kujiunga. Sharti ni moja tu, mtu awe na nia ya kuacha. Mkutano wa wazi unaweza kuingia naye. Wa ndani ni wa wenye tatizo lenyewe, wewe utasubiri nje.

Hatua ya 3: Siku, mahali na saa

Hapa ndipo nilipopoteza Jumamosi nzima, na nusura nimpoteze na mdogo wangu.

Nilitumiwa meseji: Jumamosi, saa 6:00, ukumbi wa nyuma ya kanisa. Tukafika saa sita mchana, jua la utosi, ukumbi una kufuli. Nikamfuata mlinzi.

"Shikamoo mzee. Mkutano wa AA ni hapa?"

"Marahaba. Hapa kuna kwaya na VICOBA tu, mwanangu."

Mdogo wangu alikaa kwenye ngazi, macho yako ng'ambo ya barabara, kwenye grosari. Baada ya muda akasema, "Dada, ngoja nikanunue maji." Nikamwambia tunakwenda wote. Alishika ile chupa kwa mikono miwili asiimwage. Nilikuwa nimemshawishi kwa wiki tatu atoke nyumbani, na sasa nilikuwa nimemleta hatua ishirini kutoka kwenye friji la bia.

Aliyetuma meseji alikuwa amenakili 6:00 kutoka kwenye ratiba ya Kiingereza. Ilikuwa saa 12 jioni.

Kwa hiyo usiridhike na meseji. Piga simu, usikie sauti ya mtu, umuulize: jua litakuwa la utosi au linaelekea kuzama? Ratiba ikisema 18:00, andika kwenye karatasi "saa 12 jioni" kabla hujamwambia mgonjwa chochote. Mikutano ya mtandaoni ni vivyo hivyo. Ya Nairobi haina shida, saa zao ni zetu. Ya London ya 19:00 kwetu ni saa 4 usiku, ila kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba inakuwa saa 3 usiku, kwa sababu wao husogeza saa. Mimi mtandaoni nakubali pale tu ana kwa ana inaposhindikana. Kwenye simu mtu anazima kamera na kuendelea kunywa.

Kisha nenda mwenyewe siku moja kabla, ukauone mlango. Usitegemee kibao. Watu hawa hulindiana majina, na mara nyingi hata mlinzi hajui wanachofanya. Yule mzee, nilipomweleza kwa utaratibu, alisema, "Aaa, wale wa Jumamosi jioni wanaokunywa chai!" Tungeanza na chai tusingeungua jua.

Pia msianze wiki ya mshahara. Mji huu mnaujua mwisho wa mwezi unavyokuwa.

Hatua ya 4: Mkutanoni

Jina la kwanza linatosha. Anaweza kukaa kimya mpaka mwisho, hakuna atakayemlazimisha.

Hatua ya 5: Kurudi nyumbani

Kabla hajatoka, apate namba ya mtu mmoja aliyeacha siku nyingi. Mwanamume achukue ya mwanamume, mwanamke ya mwanamke. Ampigie usiku uleule, hata kama ni salamu tu, ili siku kiu ikimbana asiwe anaanza kujitambulisha.

Rudini kwa bajaji, si bodaboda mbili, mpate kuongea. Na mwelekezeni dereva njia mapema. Yetu inazunguka kwa dakika kumi zaidi, lakini haipiti kilabuni.