Mwanafunzi wa Lubumbashi Aendaye Brussels: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Safari

Mtu aliyekulia Katuba au Kamalondo humwelekeza mgeni kwa vitu vinavyoonekana: ukifika kwenye mwembe, kata kushoto, kisha uliza kwa fundi wa magari. Maelekezo ya namna hiyo yanatosha Lubumbashi, kwa sababu jirani yupo, anakujua na atajibu. Anayekwenda kusoma Brussels afahamu kabla ya kufunga sanduku kwamba karibu kila jambo lake la miezi ya kwanza, yaani kitambulisho, benki, bima ya afya na hata barua za chuo, litategemea anwani moja iliyoandikwa sawasawa. Asiye na nafasi ya kutayarisha mambo kumi atayarishe hilo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Aliyeingia Ubelgiji kwa viza ya muda mrefu hutakiwa kujiandikisha kwenye komuni, yaani ofisi ya serikali ya mtaa, ya mahali anapokaa ndani ya siku 8 za kazi tangu afike. Baada ya hapo polisi wa mtaa huja nyumbani, bila kutoa ahadi ya saa, ili ahakikishe kwamba kweli mtu huyo analala pale. Akipita asione jina lako kwenye kengele wala kwenye sanduku la barua, kwake yeye hukai hapo, na kadi ya ukaazi husimama. Mimi nilikaa majuma matano bila kadi kwa kosa hilo tu: mwenye nyumba aliahidi kubandika jina langu, nikamwamini, na kila jioni nikawa nafungua sanduku lenye majina ya wapangaji wawili waliokwisha kuhama. Siku ya kuingia, andika mwenyewe jina lako kwenye kikaratasi na ukibandike kabla hujafungua mizigo.

Jina lenyewe pia lina mtego. Sisi Wakongomani tuna jina, jina la pili tunaloliita posnomu, na prenomu, yaani jina la kwanza, na ofisi zetu huyapanga kila moja kwa namna yake. Linganisha mapema pasipoti, cheti cha kuzaliwa na diploma ya Serikali, herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi zaidi ukiwa bado Lubumbashi kuliko ukiwa mbele ya karani ambaye hajawahi kusikia neno posnomu.

Kuhusu dosye, yaani faili la hati za maombi, atakayesoma kwa Kifaransa kwa diploma ya sekondari ya Kongo huhitaji kwanza uthibitisho wa ulinganifu wa diploma hiyo, na tarehe ya mwisho ya kuuomba kwa masomo ya juu ni 15 Julai. Hati zinazodaiwa kugongwa mihuri ya uhalalishaji hupita kwenye madirisha kadhaa, kwa hiyo anayeanza mwezi wa sita amechelewa. Uliza pia chuoni tarehe ya mwisho ya kupokea mwanafunzi anayechelewa, kwa maana masomo huanza katikati ya Septemba na viza haiangalii kalenda ya chuo.

Chumba cha mwanafunzi huko huitwa kot. Usilichanganye neno hilo na koti la baridi, ingawa vyote viwili vitakumaliza pesa katika msimu mmoja. Mara nyingi mwenye nyumba hudai amana ya miezi miwili juu ya kodi ya mwezi wa kwanza. Piga picha kila ufa na kila doa kabla ya kutia sahihi. Koti lenyewe usilinunue Lubumbashi: chukua la kukufikisha, kisha ununue lingine la mtumba huko huko. Baridi yetu ya asubuhi za Julai hufuatwa na jua, lakini ile ya Brussels ina unyevunyevu, na mwezi wa Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni.

Dola ambazo tumezoea kuzikagua hapa kama zina tundu au mchaniko hazinunui hata mkate kule. Badilisha zipate kuwa euro, na ukibeba euro 10,000 au zaidi ni lazima uzitangaze forodhani. Nyama na maziwa kutoka nchi yetu haviruhusiwi kuingia na msafiri, hata nyama iwe imekaushwa namna gani. Samaki mkavu huruhusiwa kwa kiasi, kwa hiyo makayabu, yaani samaki wa chumvi, hayana shida. Sombe mbichi, yaani majani ya muhogo, iache. Unga wa bukari, yaani ugali, utaupata Matonge, mtaa ulio katika komuni ya Ixelles na uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, ambako usishangae kusalimiwa kwa Kilingala na kila anayekutambua kuwa Mkongomani. Kifaransa hakitakusumbua sana: hata Wabelgiji husema septante na nonante kama sisi.

Jambo ambalo wengi huliepuka ni kikao na familia. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na saa hizo hazitoshi kulipa kodi na kutuma karo za wadogo. Hayo yasemwe mbele ya baba, mama na wajomba kabla ya safari, kwa utulivu na kwa hesabu iliyoandikwa, kwa sababu yakisemwa kwa simu katika mwezi wako wa pili huko yatasikika kama kiburi cha aliyefika Ulaya.

Hatimaye, acha nyumbani nakala za hati zote pamoja na barua ya uwakilishi iliyothibitishwa, kwa ndugu mmoja anayepokea simu na asiyechoka kupanga foleni, maana hati itakayopungua haitatoka ofisini bila mtu kusimama dirishani. Kumbuka kwamba kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Brussels hurudi nyuma: ikiwa saa mbili asubuhi kwako, Lubumbashi tayari ni saa tatu, na ndugu huyo awe amekwisha kupanga foleni.