Tuta la sakulenti mbele ya nyumba, kwa udongo wa Dodoma

Kwetu Nkuhungu maji huja kwa mgao, na mbele ya baraza jua linapiga tangu asubuhi hadi magharibi. Kupanda nyasi hapo ni kujitafutia gharama. Nimeweka tuta la sakulenti, yaani mimea inayohifadhi maji kwenye majani au mashina yake manene, mita tatu kwa moja na nusu, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza majirani wanaotaka la kwao.

Udongo kwanza. Mimea hii haiuawi na jua, inauawa na maji yanayotuama kwenye mizizi, na mvua za Desemba huku hazibishi hodi. Kwa hiyo usichimbe shimo, inua tuta. Panga mawe pembeni, uyazike theluthi moja yasionekane yamebwagwa tu. Changanya kwa uwiano huu, ukirudia mpaka tuta lijae: ndoo mbili za udongo wa kawaida, mbili za mchanga wa korongoni wenye chembe kubwa, moja ya kokoto ndogo na nusu ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaita mchwa. Uliye pwani usichote mchanga wa ufukweni, una chumvi. Katikati painuke kama sentimita 30, pateremke pande zote. Mwaga ndoo ya maji. Yakisimama juu, ongeza kokoto.

Kwenye kupanga ndipo watu wanapoharibu. Wananunua aina kumi na mbili, mmea mmoja mmoja, tuta linageuka meza ya mnadani. Aina tano zinatosha. Langu lina mnyaa nyuma, umesogea kushoto kidogo, shubiri tatu kwa kundi moja, sansevieria ndefu zinazosimama wima, waridi la jangwani karibu na ngazi, shina lake nene lionekane, kalanchoe ukingoni. Iache mimea kwenye mifuko yake kwanza, ipange juu ya tuta, kisha nenda getini utazame. Rudi, hamisha, tazama tena.

Mnyaa una utomvu mweupe, na ukiingia jichoni utajuta. Ukiukata vaa glavu na miwani. Waridi la jangwani nalo lina sumu. Penye watoto wadogo mimi naviacha vyote viwili na kuongeza shubiri.

Panda Mei, mvua zikishakata. Tikisa udongo wa mfuko, punguza mizizi iliyooza, wala usizamishe shina kuliko lilivyokuwa. Vipandikizi viache kivulini wiki nzima, kidonda kikauke. Mimea iliyotoka kwenye kivuli cha kitalu itegee matawi makavu juu kwa wiki mbili, la sivyo majani yataungua. Juu tandaza kokoto za kawaida. Zile nyeupe ni za kupigia picha tu, vumbi letu linazimaliza upesi.

Siku ya kupanda usimwagilie, subiri wiki. Baada ya hapo chomeka kijiti cha mshikaki ardhini: kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yazame chini, kikitoka na tope, ondoka. Msimu wa mvua usimwagilie kabisa.

Shubiri ikikunja majani na kuwa nyembamba, ina kiu, haina neno. Majani yakilegea na kuteleza huku udongo ni mbichi, mizizi inaoza: ng'oa siku hiyohiyo, kata mpaka palipo pazima, kausha kivulini, panda upya.