Kutoka Bendi ya Dansi hadi Muziki wa Filamu: Kazi Yenyewe Inavyofanyika

Henry Mancini alipiga piano na kupanga nyimbo (kuamua kila chombo kipige nini) katika bendi ya Glenn Miller ilipokuwa chini ya Tex Beneke, kisha mwaka 1952 akaingia idara ya muziki ya studio ya filamu ya Universal. Quincy Jones naye alipuliza tarumbeta kwa Lionel Hampton na kuzipangia bendi kubwa kabla filamu hazijamwita. Njia hii ina mantiki yake. Bendi ya dansi hukuzoesha kuwaandikia wapigaji waliopo na kuandika kwa kufuata saa, na hayo ndiyo filamu itakayokudai kila siku.

Anza na bendi. Bendi kubwa ya kawaida ina saksofoni tano (alto mbili, “tena” yaani tenor mbili, baritoni moja), tarumbeta nne, tromboni tatu au nne, halafu piano, gitaa, besi na dramu. Kabla hujaandika nota hata moja, uliza nani atakuwepo siku hiyo na anafika juu kiasi gani. Ukimwandikia nota za juu kabisa mpiga tarumbeta ambaye midomo yake huchoka mapema, mwisho wa wimbo utaharibika hata kama karatasi yako ni safi.

Pili, mwendo (kasi ya wimbo) na urefu. Wachezaji dansi wa mashindano wana viwango vyao: waltz vipimo (mafungu ya mapigo) 28 hadi 30 kwa dakika, quickstep 50 hadi 52, rumba 25 hadi 27. Wimbo wa vipimo 32 vyenye mapigo manne, ukiupiga kwa mapigo 120 kwa dakika, unachukua sekunde 64. Mizunguko mitatu ni dakika 3 na sekunde 12. Igawe hivi: wa kwanza sauti kuu (melodi) ibaki kwa saksofoni, wa pili uwe wa mwimbaji au mpiga solo huku wengine wakijibu kwa vipande vifupi, wa tatu bendi nzima. Nota za juu kabisa za tarumbeta zihifadhi kwa vipimo vinane vya mwisho. Wapangaji wachanga huzimaliza kwenye utangulizi, na baada ya hapo wimbo hauna pa kupanda.

Sasa kupanga sauti za saksofoni, sehemu inayostahili mazoezi mengi kuliko zote. Tuseme sauti kuu iko kwenye C, juu ya kodi (nota zinazolia pamoja) ya C sita, yaani C, E, G na A. Alto ya kwanza ichukue C, alto ya pili A iliyo chini yake, tena ya kwanza G, tena ya pili E, na baritoni irudie C ya sauti kuu oktavu moja chini. Hapo unapata mlio mnene uliobanana, unaofaa nyimbo za mwendo wa kasi. Ukitaka mlio mpana wa wimbo wa taratibu, ishushe A oktavu moja, umpe tena ya pili, na tena ya kwanza ichukue E, alto ya pili G. Baritoni sasa ishike nota ya msingi chini kabisa. Sauti kuu ikipita kwenye nota isiyo ya kodi, mfano B, usiwaache wengine wamesimama palepale. Wape kodi ya diminishi, B, A flati, F na D kwa kushuka, kisha warudi C sita pamoja. Kikundi kizima kikitembea hivyo, sikio husikia chombo kimoja kikubwa.

Kuhamisha ufunguo, yaani kuandika nota tofauti na inayolia, ndiko kunakopoteza muda wa mazoezi. Tarumbeta ya B flati huandikiwa nusu hatua (nusu toni) 2 juu ya mlio halisi, alto 9, tena 14, baritoni 21. Tromboni huandikwa kama inavyolia. Gitaa na besi huandikwa oktavu moja juu ya zinavyolia. Kosa la kila mara ni kuiandikia saksofoni ya tena nusu hatua 2 kama tarumbeta na kusahau oktavu. Anayesoma anajikuta chini mno na kikundi kinapasuka katikati. Kila vipimo vinane weka herufi ya mazoezi, kila kipimo kipe namba, na mwisho wa ukurasa wa kugeuza acha mapumziko ili mkono uwe huru.

Ukifika kwenye filamu, saa ndiyo inayoongoza. Kaa na mwongozaji mtazame filamu yote, mkubaliane muziki uanze wapi na uishe wapi. Kila kipande kipewe jina la mtindo wa 1M1, yaani gombo (reel) la kwanza la filamu, muziki wa kwanza. Usianze kuandika kabla uhariri wa picha haujafungwa, kwa sababu sekunde mbili zikikatwa baadaye, hesabu yote inavunjika. Uliza pia kasi ya fremu, yaani picha ngapi kwa sekunde. Picha ya fremu 24 ikichezwa kwa 25, kipande cha dakika mbili kinafupika kwa sekunde 4.8.

Hesabu ya kugonga tukio, yaani kuangusha pigo palepale tukio linapotokea, ni hii: zidisha sekunde kwa mwendo (mapigo kwa dakika), gawa kwa 60. Mlango unafungwa kwa kishindo sekunde ya 37.5. Kwa mwendo wa 120 mapigo 75 yameshapita, hivyo kishindo kinaangukia pigo la nne la kipimo cha 19. Ukitaka kiwe pigo la kwanza la kipimo cha 20, yatakiwa mapigo 76 yawe yamepita: 76 mara 60, gawa kwa 37.5, unapata mwendo wa 121.6. Hakuna msikilizaji atakayehisi tofauti hiyo. Tukio la pili liko sekunde ya 50.3, ambapo karibu mapigo 102 yamepita. Kutoka kipimo cha 20 weka vipimo sita vya mapigo manne na kimoja cha mapigo mawili, nalo litaangukia pigo la kwanza la kipimo cha 27, pigo likichelewa kwa muda usiofika fremu moja. Usigonge kila tukio, lakini. Mawili au matatu katika kipande yanatosha. Zaidi ya hapo muziki unageuka kichekesho cha katuni.

Chini ya mazungumzo, waweke kando wapuliza shaba. Nguvu nyingi za tarumbeta ziko kati ya herzi 1000 na 4000, palepale konsonanti za msemaji zinapokaa, na fundi wa sauti atakushusha mpaka usisikike. Tumia nyuzi ndefu za taratibu, besi ya kudonoa, au nyamaza.

Kwa upande wa malipo, mpangaji wa wimbo wa mtu mwingine kwa kawaida hulipwa mara moja, kwa hiyo kubaliana bei kabla ya kazi. Marekani ukurasa mmoja wa upangaji huhesabiwa vipimo vinne. Mtunzi wa filamu anaweza kuendelea kulipwa mirabaha filamu inaporushwa, mradi orodha ya vipande imewasilishwa kwa chama cha haki za muziki ikionyesha jina la kila kipande, mtunzi, sekunde zake na namna kilivyotumika. Mtayarishaji huisahau. Iandike mwenyewe wiki ya kuchanganya sauti, ukishika muda wa nakala ya mwisho, kwani vipande hukatwa na kusogezwa mpaka siku hiyo.