Saa kwanza, logi baadaye: NTP, syslog na SNMP kwenye ruta na swichi za Cisco

Niliwahi kuitwa kwenye tawi la taasisi moja ambako mtandao ulikuwa ukikatika kila jioni. Nikaingia kwenye swichi, nikaandika `show logging`, na mstari wa juu ukaanza na `*Mar  1 00:00:41`. Ilikuwa Catalyst 2960, ambayo ikizimika husahau saa na kuanza upya tarehe 1 Machi 1993. Ruta nayo ilikuwa na saa yake, nyuma kwa dakika kumi na moja. Jumbe zilikuwepo, ila hakukuwa na namna ya kuzioanisha. Siku mbili zilipotea. Tangu siku hiyo sikabidhi kifaa kabla ya kumaliza hatua hizi, kwa mpangilio huuhuu: NTP (kusawazisha saa), syslog (kutuma logi kwenye seva) na SNMP (kusoma hali ya kifaa kwa mbali).

Katika mfano huu seva ya Ubuntu ni 10.20.0.10, ruta ni 10.20.0.1 na swichi ni 10.20.0.2.

Hatua ya 1: seva ya saa

Usiache kila swichi ichukue saa kutoka intaneti. Weka chrony (programu ya NTP) kwenye seva, kisha vifaa vyote viulize hapo. Katika `/etc/chrony/chrony.conf`:

```
pool africa.pool.ntp.org iburst
allow 10.20.0.0/16
local stratum 10
```

Mstari wa mwisho ni muhimu kwetu: hata seva ikiwashwa upya wakati intaneti imekatika, itaendelea kugawa saa, na vifaa vyako vitabaki vinakubaliana. Iwashe upya huduma, kisha hakikisha kwa `chronyc sources`.

Hatua ya 2: saa kwenye ruta na swichi

```
clock timezone EAT 3
access-list 20 permit 10.20.0.10
ntp access-group peer 20
ntp source Vlan10
ntp server 10.20.0.10
service timestamps log datetime msec localtime show-timezone year
```

Kwenye ruta, badala ya `Vlan10` tumia Loopback0 (interfesi ya ndani isiyotegemea kebo) kama ipo. Orodha ya ruhusa namba 20 (`access-list 20`) inazuia watu wa nje wasiulize saa kwako. Mwaka 2014 seva za NTP zilizoachwa wazi zilitumika kwenye mashambulizi makubwa sana ya kufurika.

Ngoja dakika kadhaa, kisha `show ntp associations`. Unatafuta nyota mbele ya anwani ya seva. Stratum ni umbali kutoka chanzo cha saa; ukiona 16, kifaa bado hakina saa. Angalia kama fayawali imefunga UDP 123, poti ya NTP.

Kwenye logi, nyota ina maana tofauti kabisa. Muda ukitanguliwa na `*`, saa hiyo haiaminiki. Ukitanguliwa na nukta, saa iliwahi kusawazishwa lakini sasa kifaa kimepotezana na seva. Mafundi wengi huzipita alama hizi bila kuziangalia, na ndizo za kwanza kusoma.

Mtumiaji akikupigia kusema mtandao ulikatika saa nane usiku, kwenye logi tafuta 02:00. Andika saa zote mbili kwenye ripoti. Na kama una matawi Kigali au Bujumbura, ambako saa iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, achana na EAT (saa za Afrika Mashariki): vifaa vyote viwe UTC, saa ya kimataifa.

Hatua ya 3: logi ziende seva

Logi iliyo ndani ya swichi hufa umeme ukikatika. Kwa hiyo:

```
logging buffered 64000
logging host 10.20.0.10
logging trap informational
logging source-interface Vlan10
archive
 log config
  logging enable
  hidekeys
  notify syslog
```

Sehemu ya `archive` inaandika nani alibadilisha nini kwenye usanidi. Usiiache. Viwango vya uzito wa jumbe ni 0 (mbaya zaidi) hadi 7, na `informational` ni 6. Kwenye poti za kompyuta za wafanyakazi weka `no logging event link-status`, la sivyo kila laptopu inayozimwa itafunika jumbe za maana.

Upande wa seva, logi hupokelewa na programu ya rsyslog; faili ni `/etc/rsyslog.d/10-mtandao.conf`:

```
module(load="imudp")
input(type="imudp" port="514")
template(name="Faili" type="string" string="/var/log/mtandao/%fromhost-ip%.log")
template(name="Mstari" type="string" string="%timegenerated% %rawmsg%\n")
if $fromhost-ip != "127.0.0.1" then {
  action(type="omfile" dynaFile="Faili" template="Mstari")
  stop
}
```

Folda `/var/log/mtandao` imilikiwe na mtumiaji `syslog`, vinginevyo hakuna kitakachoandikwa. `%timegenerated%` ni muda ambao seva imepokea ujumbe. Hata swichi ikirudi 1993, utajua ujumbe ulifika lini.

Kule tawini, jioni ya kwanza baada ya kazi hii, ruta iliandika kwamba laini ya swichi imeanguka saa 18:03, ikarudi dakika nne baadaye. Dakika nne zinatosha swichi kuwaka upya. Tukaenda kwenye soketi: UPS yake ilikuwa na betri iliyokufa, na ilikuwa kwenye laini moja ya umeme na taa za nje ambazo mlinzi huziwasha saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya 4: ufuatiliaji

Tumia SNMPv3, toleo la 2c hupitisha neno la siri likiwa wazi.

```
access-list 30 permit 10.20.0.10
snmp-server group UFUATILIAJI v3 priv access 30
snmp-server user mkaguzi UFUATILIAJI v3 auth sha NenoLako1 priv aes 128 NenoLako2
snmp-server ifindex persist
```

Mtumiaji huyo haonekani kwenye `show running-config`. Mtafute kwa `show snmp user`. Bila `ifindex persist`, swichi ikiwaka upya namba za interfesi zinaweza kubadilika na grafu zikachanganyika. Kwenye programu ya ufuatiliaji kama LibreNMS au Zabbix, hakikisha vihesabio ni vya biti 64, yaani `ifHCInOctets`. Vya biti 32 hujaa na kuanza sifuri ndani ya sekunde 34 hivi kwenye laini ya gigabiti 1 iliyojaa, nawe ukisoma kila dakika tano utapata uongo.

Hifadhi kwa `write memory`. Halafu chomoa kebo ya laini ya akiba kati ya ruta na swichi, hesabu hadi thelathini, uirudishe. Kabla hujaondoka, fungua mafaili mawili kwenye seva: muda wa ruta na wa swichi kwa tukio hilo usipishane zaidi ya sekunde chache.