GSoC ukiwa Dodoma: kushusha ripo kubwa kwa bando dogo, hadi kupakia andiko

Google Summer of Code (GSoC) ni mpango wa Google ulioanza mwaka 2005. Humlipa mchangiaji wa programu huria anayefanya kazi mtandaoni chini ya menta (mwelekezi) wa shirika husika. Sharti la umri ni miaka 18, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi. Orodha ya mashirika hutoka Februari, maandiko (mapendekezo ya mradi) hupokelewa kuanzia Machi. Anayeanza kuchangia Machi ameshachelewa, maana menta humchukua mtu ambaye kazi yake ameshaiona.

1. Chagua shirika moja, yakizidi mawili. Usifuate jina kubwa. Angalia kama michango iliyotumwa na wageni wiki mbili zilizopita imejibiwa. Ikiwa imelala miezi, ondoka.

2. Fork ripo, yaani jitengenezee kwenye GitHub nakala yako ya hifadhi ya msimbo wa mradi, kisha sanidi Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Barua pepe iwe ileile ya GitHub, la sivyo komiti zako (mabadiliko unayoyahifadhi) hazitahesabiwa kwenye wasifu wako.

3. Shusha ripo. Hapa ndipo bando linapoteketea. `git clone` haiendelei pale ilipokatikia. Mtandao ukiyumba ikiwa imefika asilimia 93 unaletewa kosa la `early EOF` (data imekatika mapema), ukirudia inaanza sifuri. Ripo ya GB 1 ikikatika hivyo mara tatu, karibu GB 3 zimekwenda na huna hata faili moja. Kushusha zip nako hakusaidii, kwa kuwa haina folda ya `.git`, ambamo Git hutunza historia. Tumia hii:

`git clone --depth 1 <anwani ya fork yako>`

Inaleta msimbo wa sasa bila historia. Historia iongeze kidogokidogo:

`git fetch --deepen=100`

Rudia kadiri unavyohitaji. Kila kipande kilichokamilika kinabaki, mtandao ukikata unapoteza hicho kimoja tu.

Mitego ni miwili. Kwanza, `--depth` huleta tawi kuu (mkondo mkuu wa msimbo) peke yake. Ukihitaji jingine, andika `git remote set-branches --add origin <tawi>`, kisha `git fetch --depth 1 origin <tawi>`. Pili, ukifanya rebase (kuhamishia komiti zako juu ya msimbo mpya) kabla historia haijafika mahali tawi lako lilipochipukia, Git haioni asili ya pamoja, na migongano inazuka kwenye mafaili ambayo hukuyagusa. Usianze kuitatua mmojammoja! Andika `git rebase --abort`, ongeza kina, ujaribu tena. Ukipata Wi-Fi ya kueleweka chuoni, maliza kazi kwa `git fetch --unshallow`.

Wapo wanaosifia `--filter=blob:none`, inayoacha yaliyomo kwenye mafaili ya zamani hadi yahitajike. Kwa mwenye intaneti ya kudumu ni sawa. Kwa mtu wa bando siipendi: `git blame` (amri ya kuona nani aliandika kila mstari) inakimbilia mtandaoni kuchota mafaili ya zamani, na wakati huo salio limekwisha.

4. Tengeneza kitu kidogo kwenye tawi jipya, kamwe si kwenye tawi kuu. Shirika likitaka saini ya `Signed-off-by`, tumia `git commit -s`. Kutafsiri menyu kwa Kiswahili ni mchango halali, ila hakumwonyeshi menta kwamba unaweza kusoma msimbo. Rekebisha hitilafu moja, uiandikie na jaribio lake.

5. Andiko. Kuna miradi ya saa 90 hivi, 175 na 350. Ukigawa 350 kwa wiki 12 unapata kama saa 29 kwa wiki, na humohumo kuna UE (mitihani ya chuo), kisha mafunzo kwa vitendo. Kwa mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ningeshauri 175, yaani saa 15 kwa wiki. Wiki za mitihani zitaje waziwazi kwenye ratiba. Menta hukasirishwa na kupotea bila taarifa kuliko na mitihani yenyewe. Usiandike "Wiki ya 3: kujifunza". Andika "Wiki ya 3: kisomaji cha CSV pamoja na majaribio yake".

Mwisho wa kupokea ukiandikwa 18:00 UTC, kwetu ni saa 3 usiku. Pakia PDF ya rasimu siku tatu kabla. Unaweza kuibadilisha hadi dirisha lifungwe.