Jinsi ya kusoma nyumba kongwe ya shamba ya Uingereza: anza na paa, ukuta wa mbele muongo

Watu wengi wakifika kwenye zile nyumba za wakulima za zamani kule Kent au Sussex wanasimama getini, wanapiga picha ukuta wa mbele, wanaona kibao cha mwaka 1760 afu wanaondoka wameridhika. Kumbe walichopiga picha ni koti tu. Nyuma ya hayo matofali mekundu inaweza kuwepo fremu ya mbao ya mwaloni ya miaka ya 1400, na tajiri wa 1760 alichotaka ni nyumba yake isionekane ya kizamani mbele ya majirani basi.

Kabla hujatoka nyumbani ingia kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kale yanayolindwa kisheria, inatunzwa na shirika la Historic England, ni bure, tafuta jina la shamba au kijiji. Daraja ziko tatu: I, II yenye nyota, na II, na zaidi ya 90 kwa mia ya majengo yote yapo II, kwa hiyo usidharau nyumba eti ni "II tu". Nyumba yoyote ya kabla ya 1700 ambayo haijaharibiwa sana karibu lazima iwemo. Soma maelezo yake ila usiyaamini mia kwa mia, mengi ya zamani ni mistari michache na aliyeandika aliiangalia nyumba akiwa barabarani.

Sasa umefika. Usiende mlangoni, zunguka nyuma. Nyuma hakuna aliyehangaika kupamba, ndo utaona mbao zimeachwa wazi, madirisha hayalingani, ukuta umepinda. Afu rudi nyuma hatua kadhaa uangalie paa. Kama paa ni moja refu, pande mbili za nyumba ghorofa ya juu imetokeza mbele kuliko chini, na katikati ukuta umerudi ndani huku paa likiwa limening'inia juu yake na kushikiliwa na mbao zilizopinda kama upinde, hapo umekutana na nyumba ya aina ya Wealden. Ile sehemu ya katikati ilikuwa ukumbi mmoja kuanzia sakafu hadi kenchi, hauna ghorofa wala dohani, moto unawashwa chini katikati ya sakafu na moshi unajitafutia njia juu.

Angalia na dohani imesimama wapi. Kama lile bomba kubwa la matofali limetoboa paa katikati ya nyumba, mara nyingi lilichomekwa baadaye, miaka ya 1500 hivi au 1600, watu walipochoka moshi, na wakati huohuo wakaweka dari wakapata chumba cha juu. Ukuta wa matofali nao uukague kwenye kona na pembeni mwa dirisha, kwa sababu Kent na Sussex kuna vigae vilivyotengenezwa vifanane na matofali kabisa, vinapigiliwa juu ya mbao, ukivigonga kwa kidole unasikia uwazi nyuma.

Ukikaribishwa ndani inamisha kichwa (mi nilijigonga boriti ya kwanza kabla hata sijasalimia). Tafuta korido inayokatiza nyumba kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, na upande mmoja wa hiyo korido uone kama kuna milango miwili imekaa pamoja, ilikuwa inaingia stoo mbili, moja ya vinywaji na nyingine ya mikate na vyakula. Afu pitisha vidole chini ya boriti za ukutani. Ukikuta matundu ya umbo la almasi yamepangwa mstari, hapo palikuwa na dirisha lisilo na kioo, nondo zake za mbao, usiku linafungwa kwa ubao. Na kwenye maungio utaona namba zimechanjwa, I, II, III, IIII, mafundi walikuwa wanaiunga fremu yote chini kwanza, wanaitia alama, wanaifumua, afu wanaisimamisha kwenye kiwanja kwa misumari ya mbao. Mwenyeji akikwambia hizo boriti zilitoka kwenye meli kuukuu we itikia tu kwa adabu, kila kijiji kina hiyo hadithi na mara nyingi sio kweli, matundu yasiyo na kazi yanatokana na ukuta uliotolewa au mbao ya nyumba nyingine.

Kuta za kati ya mbao zitakufanya ujisikie nyumbani. Fito zimesukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na nyasi kavu, bibi yangu angeifanya hiyo kazi bila kuelekezwa. Ndo maana saruji ni sumu kwa kuta hizi. Ukuta wa udongo na chokaa unapumua, ukiupiga plasta ya saruji maji yanakwama ndani na mbao ya chini inaoza kimyakimya, ugonjwa uleule wanaoujua watu wa Mji Mkongwe Zanzibar na kuta zao za mawe na chokaa.

Kama unawaza kununua, sikiliza vizuri. Nyumba ikishakuwa kwenye ile orodha, ulinzi wa sheria unashika ndani na nje, hata banda la uani la kabla ya Julai 1948 kama ni sehemu ya nyumba. Kubomoa au kubadilisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai, kifungo kinafika miaka miwili, na kama mwenye nyumba wa zamani alitoa ukuta kinyemela amri ya kurekebisha inaweza kukujia wewe uliyenunua juzi.

Sehemu tamu ni darini, omba ruhusa ya kupanda na tochi. Mulika kenchi. Zikiwa nyeusi tii, masizi yameganda hadi yanang'aa, basi moshi wa ule moto wa katikati ulipita hapo, na hakuna ukuta wa mbele utakaokudanganya tena.

Huna mwenyeji wa kukupandisha darini? Nenda Bayleaf, nyumba ya aina hiyohiyo ya Wealden, iko makumbusho ya Weald and Downland pale Singleton, Sussex. Ilitolewa Chiddingstone, Kent, mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu bonde linajazwa maji ya bwawa la Bough Beech, ikafumuliwa mbao kwa mbao. Pete za ukuaji wa mti ndani ya mbao zake zinaonyesha sehemu ya kwanza ni ya kati ya 1405 na 1430, upande wa pili uliongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1500, na choo kipo juu ghorofani kikining'inia nje ya ukuta. Nenda siku ya baridi wakiwa wamewasha moto ukumbini, ukae chini kabisa kwenye benchi maana moshi unabaki juu, na jaketi lako litanuka mpaka stesheni ya Chichester.