Somo: Kuandika na Kuchapa Kitabu Chako Ukiwa Bado Mwajiriwa

Wanachama wenzangu, somo hili linamhusu mtu mwenye mshahara wa kila mwezi ambaye anataka kuandika kitabu, kukichapa kwa fedha zake mwenyewe na kukiuza, bila kuiacha kazi wala kuiharibu. Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, naishi Kigamboni, na nimekwisha kuchapa riwaya fupi mbili kwa mfuko wangu. Ya kwanza ilinitia hasara, ya pili ikarudisha fedha na ziada kidogo. Wengi hudhani kwamba kinachomshinda mwajiriwa ni muda wa kuandika. Muda huo, kwa niliyoyaona, hupatikana. Kinachomshinda ni muda wa kuuza, kwa kuwa wateja wa vitabu hupiga simu saa zile zile ambazo mwajiri amekwisha kuzilipia. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye hatua za mwisho.

Hatua ya kwanza: Soma mkataba wako wa ajira

Ufanye hivyo kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Tafuta vifungu vinavyozungumzia kazi za nje ya ajira, mgongano wa maslahi na siri za mwajiri. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 humpa mtunzi haki tangu kazi yake inapotungwa, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini kazi iliyotungwa kama sehemu ya majukumu ya ajira kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mwajiri, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Riwaya unayoiandika nyumbani haimo katika majukumu yako, na ili isije ikaleta ubishi usiiandike kwenye kompyuta ya ofisi, usiitume kwa barua pepe ya ofisi, wala usitoe hata kurasa kumi kwenye printa ya ofisi. Aliye mtumishi wa umma aandike barua ya kuomba kibali kupitia kwa mkuu wake wa idara na atunze nakala iliyogongwa muhuri.

Kuna jambo ambalo halimo katika mkataba wowote. Katika kitabu cha kwanza nilimpa mhusika wangu mlevi tabia ya kumimina chai kwenye kisahani na kuipuliza kabla ya kuinywa. Msimamizi wetu ndivyo anavyokunywa chai. Alikisoma kitabu, hakusema neno, ila kwa muda wa miezi miwili hakunywa chai mbele yangu.

Hatua ya pili: Hesabu saa ulizo nazo kweli

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Wiki ina saa 168. Toa hizo 45, toa 49 za usingizi kwa saa saba kila usiku, toa 15 za safari, zinabaki 59, na mtu akizitazama kwenye karatasi hujiona tajiri. Kisha unakuja msiba wa jirani, kikao cha harusi, mtoto mwenye homa, maji yaliyokatika, na ikifika Jumapili jioni hujaandika hata mstari. Mimi niliacha kuzihesabu saa zilizobaki na nikaanza kuhesabu zile zisizoweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Kwangu ni foleni ya pantoni asubuhi pamoja na muda wa kuvuka. Hapo hakuna anayeniita, hakuna ninayeweza kumsaidia, na simu iko mkononi. Maneno 250 kwa asubuhi moja, siku tano kwa wiki, hufikia 1,250. Kwa wiki 40 yanakuwa 50,000, na hiyo ni riwaya. Anayepanda mwendokasi akiwa amesimama ameshika bomba atafute nafasi yake mahali pengine, labda jikoni kabla watu hawajaamka.

Likizo je? Sheria hiyo hiyo inatoa siku 28 mfululizo kwa mwaka, na waandishi wengi huzitunza kwa ajili ya kuandika. Mimi nashauri kinyume chake. Rasimu inaweza kuandikwa vipande vipande, lakini kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, na kusimama kwa mchapaji ni mambo yanayotaka mchana mzima, tena siku za kazi. Likizo iwekeni huko.

Hatua ya tatu: Kitabu kiwe na mfuko wake

Fungua laini ya pili ya simu yenye lipa namba, na fedha ya kitabu isiingie kwenye laini ya nyumbani hata mara moja. Weka kiasi kile kile kila mwezi siku ya mshahara. Ukiweka 150,000 kwa miezi 19 unapata shilingi 2,850,000, ambazo nitazitumia kama mfano hapa chini.

Usikope kwa dhamana ya mshahara ili kuchapa kitabu. Mimi nilikopa kwa ajili ya kitabu cha kwanza, makato ya miezi 24, nikachapa nakala 1,000 kwa sababu mchapaji alinionyesha kwamba bei ya nakala moja hushuka kadiri idadi inavyopanda. Alisema kweli. Kitabu kiliacha kuuzika baada ya miezi mitano, na kwa miezi 19 iliyofuata nililipia makaratasi yaliyokuwa yamelala chini ya kitanda changu.

Hatua ya nne: Uhariri, jalada na namba

Mlipe mhariri ambaye si rafiki yako. Jalada lifanywe na anayejua kazi hiyo. Namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu kimataifa, hapa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kwa wenzetu wa Kenya hutolewa na huduma ya maktaba ya taifa. Kumbukeni kwamba kitabu cha karatasi na kile cha kielektroniki huhitaji namba tofauti. Hakimiliki haitegemei usajili, ila kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi siku mtu atakapoinakili.

Hatua ya tano: Uchapaji

Katika mashine kubwa, karatasi moja hukunjwa na kutoa kurasa 16 kwa vitabu vingi vya ukubwa wa A5, kwa hiyo idadi ya kurasa zako igawanyike kwa 16. Kitabu cha kurasa 130 kitakulipisha kama cha kurasa 144, na 14 kati ya hizo zitakuwa tupu; ukipunguza kurasa mbili tu unabaki na 128 na kiasi cha fedha mfukoni. Nakala chache, kwa mfano 100, hutoka kwa nafuu zaidi kwenye mashine za kidijitali. Dai nakala moja iliyokamilika, ikunje mgongo mbele ya mchapaji, na ukurasa ukichomoka usilipe salio.

Kabla ya kulipia, amua vitabu vitalala wapi. Vyangu vilikuja kwenye maboksi 25 ya nakala 40, nikayapanga moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji. Masika ilipoingia, saruji ilitoa unyevu kimya kimya. Nilipolisogeza boksi la chini, kitako chake kilibaki sakafuni, na vitabu vilivyokuwamo vilikuwa vimevimba kama maandazi. Maboksi matano ya safu ya chini yaliharibika, yaani nakala 200. Siku hizi naweka chaga za mbao, na ukutani naacha nafasi ya kupitisha mkono.

Hatua ya sita: Kuuza bila kumwibia mwajiri saa zake

Tuseme umechapa nakala 500 kwa 4,500 kila moja, yaani 2,250,000, na umelipa 600,000 kwa uhariri na jalada. Jumla ni ile 2,850,000. Unauza kwa 12,000. Duka linalokupokelea kwa mali kauli, yaani linalokulipa baada ya kuuza, likichukua asilimia 40, mkononi mwako zinafika 7,200, na itakubidi uuze nakala 396 ndipo fedha zako zirudi. Ukiuza mwenyewe na ukamlipa msaidizi 1,000 kwa kila nakala, zinafika 11,000, na nakala 260 zinatosha. Tofauti hiyo ndiyo inayowashawishi waajiriwa kuuza kila nakala kwa mkono wao, na ndiyo inayowaletea barua za onyo.

Nilikuwa nikijibu wateja chini ya meza. Siku moja, katikati ya kujaza nyaraka za kontena, nilimtumia mteja wa kampuni namba yangu ya malipo ya kitabu mahali palipotakiwa namba ya kumbukumbu ya mzigo. Alilipa, tena kiasi kamili. Fedha nilizirudisha siku hiyo hiyo pamoja na maelezo ya maandishi kwa msimamizi, na jioni ile nikaweka utaratibu ninaoufuata hadi leo. Simu ya kitabu inabaki nyumbani, kwa mpwa wangu, ambaye ndiye huyo msaidizi wa 1,000. Ina ujumbe unaojijibu wenyewe, unaotaja bei, namba ya malipo na siku za kutuma mzigo, ambazo ni Jumatano na Jumamosi tu. Mizigo ya mikoani anaipeleka kwenye mabasi Mbezi, kisha anampigia picha mteja risiti ya basi. Mimi naipitia simu hiyo saa 2 usiku. Wapo wateja wanaokasirika kwa kutojibiwa mchana, na wachache huondoka, nimekubali kuwapoteza.

Maduka nayo msiyaache. Pelekeni nakala tano tano, andikeni hati ya makabidhiano yenye tarehe ya kurudi kuhesabu, na mrudi kweli tarehe hiyo, maana mali kauli isiyofuatiliwa hugeuka zawadi. Mauzo yote yaandikwe daftarini, kwa sababu haya ni mapato ya biashara, na makato ya kodi kwenye mshahara hayayahusu. Nendeni ofisi ya TRA, mamlaka ya mapato, mkaisajili biashara mapema.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa sekondari, Morogoro: Shikamoo kaka. Je, naweza kuwauzia wanafunzi wangu kitabu changu cha hadithi?

Marahaba, mwalimu. Usiwauzie. Mwanafunzi hawezi kumkatalia mwalimu anayemsahihishia mtihani, na mzazi atakayelalamika atakuwa na haki. Kitabu cha kutumika darasani nacho hupitia utaratibu wa ithibati wa mamlaka ya elimu, jambo ambalo huwezi kulikwepa kwa kuwa u mwalimu hapo hapo. Waachie wauzaji wa vitabu wa mjini nakala zako, wanafunzi watakiona.

Muuguzi, Mombasa: Zamu zangu hubadilika kila wiki, mara usiku mara mchana. Hiyo saa isiyochukuliwa na mtu mimi sina. Nifanyeje?

Pole na kazi, dada yangu. Kwako kipimo cha siku hakifai, tumia cha mwezi. Ratiba ya zamu ikitoka, weka alama kwenye siku nne za mapumziko zisizofuata zamu ya usiku, na uandike siku hizo tu. Baada ya zamu ya usiku lala. Na kwa kuwa unaandika kuhusu wodi, badilisha ugonjwa, umri na kijiji cha mgonjwa, vyote vitatu, kwa maana kubadilisha jina peke yake hakumfichi mtu.

Mhasibu, Dodoma: Nina mswada uliokamilika. Nichape sasa au nishiriki kwanza mashindano?

Soma masharti kwanza, ndugu yangu, kwa kuwa mashindano mengi hupokea miswada ambayo haijachapishwa, na ukishachapa mlango huo umeufunga. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kungoja miezi kadhaa hakumgharimu mwenye mshahara. Wakati unangoja, endelea kuujaza mfuko wa kitabu.

Mfanyakazi wa benki, Mwanza: Ni lini mtu anaweza kuacha kazi akaishi kwa vitabu?

Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha akiwa karani mwaka 1926, na aliendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake huku akiandika. Simtaji ili kukukatisha tamaa. Fanya hesabu: kwa mfano wa juu, nakala zote 500 zikiuzwa kwa njia ya nafuu kabisa, unapata 5,500,000, ukitoa gharama unabaki na 2,650,000, na kitabu kimoja kinakuchukua mwaka na zaidi. Gawanya kwa miezi 12, kisha linganisha na hati yako ya mshahara, ukikumbuka pia bima ya afya na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Mimi sijaacha.

Mwanachama huyo huyo: Na zile nakala 200 zilizovimba, kaka, ulizitupa?

Nilizianika juu ya bati siku tatu. Takriban 60 zilisomeka. Nikazigonga muhuri wa neno moja, IMENYESHEWA, nikaziuza kwa 3,000 kila moja, na ziliisha kabla ya zile nzima.